Shajara ya mradi: diski zilizosimbwa kwa laptopi za mtumba

Lengo: kila laptopi inayotoka ofisini kwenda kukusanya takwimu Kwale na Tanga iwe na diski iliyosimbwa (data zake zimegeuzwa zisisomeke bila ufunguo) ambayo, ikiibwa, mwizi anapata chuma tu. Yaliyomo ni fomu za kaya: majina, namba za simu, hali ya afya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 pale data zinapoangukia mikononi mwa mtu asiyehusika na kukawa na hatari ya madhara. Sheria hiyohiyo inalegeza wajibu wa kuwaarifu wahusika wenyewe endapo kinga inayofaa ilikuwepo, na inautaja usimbaji fiche kwa jina. Upande wa Tanzania ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Laptopi moja ikivuka Horohoro, zote mbili zinaihusu.

Awamu ya 1: kukagua mashine kabla ya kununua chochote

Mashine ni mtumba wa Uingereza wa aina mbili: HP EliteBook 840 G3 zenye prosesa i5-6300U, na ThinkPad T480 zenye i5-8350U. Mgawanyo wa kazi umejipanga wenyewe. Windows 11 inakubali prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, na Windows 10 ilifika mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo EliteBook zinahamia Debian (mfumo wa Linux) na LUKS2, usimbaji wa diski wa Linux, na T480 zinabaki na Windows 11 Pro na BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows. Toleo la Home halifai hapa, kwa sababu halina vidhibiti kamili vya BitLocker.

Cha kwanza kuangalia ni kama prosesa ina maagizo ya AES (kanuni ya usimbaji) ndani yake:

`lscpu | grep -o -w aes`

Ikijibu "aes", usimbaji hausikiki katika kasi ya kazi. Ikikaa kimya, fikiria upya kuhusu mashine hiyo. Laptopi za i3 za kizazi cha 2 na cha 3, ambazo bado zimejaa madukani, hazina maagizo haya, na prosesa hutumia nguvu nyingi kwa kila megabaiti inayosomwa. Amri ya `cryptsetup benchmark` inaonyesha tofauti hiyo papo hapo: soma mstari wa aes-xts wenye ufunguo wa 512b. SSD ya SATA hukomea karibu 550 MB kwa sekunde. Mstari huo ukizidi hapo, kinachokuchelewesha ni diski, si usimbaji.

Cha pili ni nafasi ya diski yenyewe. EliteBook 840 G3 ina sehemu ya diski ya inchi 2.5, lakini mashine nyingi za mtumba hufika bila fremu ya kuishikia diski wala kebo fupi ya SATA, maana huko zilikotoka diski zilichomolewa pamoja na vifaa vyake. Fungua mfuniko wa chini uone kwanza, kisha ndipo ununue. Diski iwe na unene wa mm 7. Kwa M.2 (SSD nyembamba isiyo na kasha), angalia mapengo kwenye meno: mapengo mawili kwa kawaida ni SATA, pengo moja upande wa M ni NVMe. Zote mbili zinaweza kuingia kwenye tundu moja na bado mashine isiitambue moja wapo. Skrubu ya M2 inayoibana diski mwishoni nayo hukosekana mara kwa mara. Isibadilishwe kwa gundi wala selotepu, kwa sababu diski hupata joto na gundi hulegea.

Awamu ya 2: diski inayojisimba, au programu?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo uamuzi umeandikwa kwa kirefu.

Madukani kuna SSD zinazouzwa kwa sifa ya kujisimba zenyewe kwa kiwango cha TCG Opal 2.0. Chipu ya diski ndiyo inayosimba na ndiyo inayotunza ufunguo. Kwa maelezo ni nzuri: haichoshi prosesa, na kufuta kila kitu ni suala la kutupa ufunguo mmoja. Tatizo ni kwamba mnunuzi hawezi kuona kinachofanyika ndani ya chipu. Novemba 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, Carlo Meijer na Bernard van Gastel, walichapisha walichokikuta ndani ya diski kadhaa za Crucial na Samsung, zikiwemo MX100, MX200, MX300, 840 EVO na 850 EVO. Katika baadhi yake nywila ya mtumiaji haikufungamanishwa na ufunguo wa data kabisa. Diski ililinganisha tu nywila iliyoingizwa na ile iliyohifadhiwa, kisha ikafungua. Aliyeweza kuibadilisha programu ya ndani ya diski aliweza kuruka ulinganishi huo.

Ubaya ulivuka diski zenyewe. BitLocker wakati ule, ikikuta diski inadai inajisimba, iliiachia diski kazi yote. Mtumiaji aliona kufuli kwenye skrini na kuamini Windows imesimba, kumbe haikusimba kitu. Septemba 2019 Microsoft ilibadilisha tabia hiyo, na diski mpya zikaanza kusimbwa kwa programu. Laptopi ya mtumba iliyosimbwa kabla ya hapo inabaki na hali yake ya zamani mpaka mtu aifungue na kuisimba upya. Kagua hivi:

`manage-bde -status C:`

Kwenye mstari wa aina ya usimbaji lazima usome XTS-AES. Ukisoma maneno ya usimbaji wa vifaa, rudia kazi yote.

Nywila ya diski inayowekwa kupitia BIOS nayo imekataliwa. Mbali na kwamba haimaanishi usimbaji kwenye kila diski, kampuni za laptopi huibadilisha nywila kila moja kwa namna yake kabla ya kuituma kwenye diski. Ubao wa laptopi ukiungua na diski ikahamishiwa mashine ya kampuni nyingine, nywila sahihi inaweza kukataliwa.

Uamuzi: usimbaji wa programu kwenye mashine zote, AES-XTS. SSD zinunuliwe kwa kigezo cha uimara na uhalisi, na pesa ambayo ingeongezwa kwa ajili ya Opal inunue diski ya nje ya nakala rudufu. Diski ya GB 500 inatosha. Crucial MX500 ya ukubwa huo imedhaminiwa kuandikwa TB 180. Timu ikiandika GB 20 kwa siku, hiyo ni takriban TB 7.3 kwa mwaka, yaani zaidi ya miaka 24. Wasiwasi kwamba usimbaji "utaimaliza" SSD hauna msingi: kuisimba diski nzima kwa mara ya kwanza kunaandika TB 0.5 tu.

Uhalisi ndio wa kuogopwa zaidi. Kabla diski haijalipiwa yote, `smartctl -a` isomwe: saa za kufanya kazi ziwe karibu na sifuri, na jina la modeli lifanane na la kwenye lebo. Kisha ukubwa uthibitishwe:

`f3probe --destructive --time-ops /dev/sdX`

Amri hii inafuta kila kitu kwenye diski, kwa hiyo hakikisha herufi ya mwisho kwa `lsblk` kabla ya kubonyeza. Diski bandia hujitangaza kuwa na TB 2 ilhali ndani kuna kadi ndogo ya kumbukumbu. Ikijaa, huanza kuandika juu ya data za mwanzo bila kutoa kosa lolote, na ukiwa umesimba, uharibifu huo unagonga heda (sehemu ya mwanzo inayotunza ufunguo).

Awamu ya 3: kusafisha diski za zamani

Diski zilizokuja na mashine zisiuzwe wala kugawiwa kabla ya kufutwa kikweli. Kuandika sifuri kwa `dd` hakutoshi kwa SSD, kwa kuwa diski ina seli za akiba ambazo mfumo hauzifikii. Kwa NVMe tumia `nvme format /dev/nvme0n1 -s 1`. Kwa SATA tumia agizo la kufuta la ATA kupitia `hdparm`. Mara nyingi `hdparm -I` itasema diski imegandishwa, na hiyo ni BIOS imeifungia wakati wa kuwaka. Ilaze laptopi kwa kusinzia, iamshe, angalia tena. Kwa kawaida imeachia.

Awamu ya 4: EliteBook, Debian na LUKS2

Kisakinishi cha Debian kinafanya sehemu kubwa. Chagua diski nzima yenye LVM iliyosimbwa. Matokeo ni patisheni tatu: EFI, /boot (faili za kuwashia mfumo) isiyosimbwa, na sda3 iliyosimbwa yenye mfumo na swap (sehemu ya diski inayopokea yaliyozidi RAM) ndani yake. Swap nje ya usimbaji ni kosa kubwa, maana kila kilicho kwenye RAM kinaweza kuandikwa hapo wazi. Kisakinishi kitataka kwanza kuijaza diski kwa data za kubahatisha. Kwa diski mpya iliyokwisha kufutwa, ghairi hatua hiyo; kisakinishi kitaendelea bila tatizo.

/boot imebaki nje kwa makusudi. GRUB (programu inayoanzisha mfumo) za matoleo ya 2.06 hadi 2.12 zinaifungua LUKS2 kwa PBKDF2 tu, si Argon2id. Zote mbili ni njia za kugeuza nywila kuwa ufunguo, na Argon2id ndiyo inayomchelewesha mkisiaji wa nywila kwa kumlazimisha atumie RAM nyingi kwa kila jaribio. Kuidhoofisha nywila ili kuficha kernel (kiini cha mfumo) ni biashara mbaya kwa mashine hizi.

Argon2id ina upande wa pili. Cryptsetup hujipimia RAM ya mashine wakati wa kusimba na kuweza kuchukua hadi GiB 1. Diski hiyo ikihamishiwa kwenye laptopi yenye RAM ya GB 2, kufungua kunaweza kukwama kwa kukosa RAM hata nywila ikiwa sahihi. Kwa kuwa diski hizi zitahamahama, nafasi ya ufunguo (sehemu ya heda inayoshika nywila moja) imerekebishwa kwa MiB 512:

`cryptsetup luksConvertKey --pbkdf argon2id --pbkdf-memory 524288 /dev/sda3`

Kuhusu nywila, tatizo la kibodi limepewa umuhimu wa kipekee. Kibodi za Uingereza zinabadilishana nafasi ya @ na alama ya kunukuu, na penye # pana £. Mtu akiweka nywila yenye alama hizo huku mfumo ukidhani kibodi ni ya Marekani, kila siku itafunguka bila shida, kwa sababu kosa linajirudia vilevile. Siku mashine itakapowashwa kwa flashi ya uokoaji yenye mpangilio mwingine, nywila "sahihi" inakataliwa na kila mtu anaanza kuilaumu diski. Kwa hiyo nywila zote ni herufi ndogo na nafasi tu, bila tarakimu wala alama.

Maneno yanachaguliwa na mashine, si na mtu. Orodha ya maneno 1,296 ya Kiswahili imetayarishwa, kila neno herufi nne hadi saba, bila minyambuliko ya neno moja, na uchaguzi ni huu:

`shuf --random-source=/dev/urandom -n 7 orodha.txt`

Maneno 7 kutoka orodha hiyo yanatoa karibu biti 72. Methali hazikubaliki, hata ndefu. "Haraka haraka haina baraka" ina maneno manne lakini kwa mshambuliaji ni kitu kimoja kilichoko kwenye kila kamusi. Mtumiaji haruhusiwi kuyapanga upya maneno yapate maana, wala kurudia kuchagua mpaka apate anayoyapenda.

TRIM (ishara ya kuiambia SSD ni sehemu zipi hazitumiki tena) imeachwa wazi kwa neno `discard` kwenye /etc/crypttab. Gharama yake ni kwamba mwenye diski mkononi anaweza kuona ni sehemu zipi hazitumiki. Kwa fomu za kaya hilo si siri, na SSD inapata nafuu ya kuandika.

Awamu ya 5: T480 na BitLocker

Mpangilio wa kiwandani wa Windows ni TPM (chipu inayotunza ufunguo) peke yake: laptopi inajifungua yenyewe mpaka kwenye ukurasa wa kuingilia. Ni rahisi kwa mtumiaji, ila kwenye mashine ambazo TPM ni chipu ya pekee kwenye ubao, ufunguo unapita wazi kwenye nyaya kati ya chipu na prosesa. Mwaka 2024 ilionyeshwa hadharani jinsi kifaa cha bei ndogo kilichojengwa juu ya Raspberry Pi Pico kilivyounasa kwenye laptopi ya zamani chini ya dakika moja. Dawa ni kuongeza PIN kabla ya kuwaka. Washa kwanza sera ya kudai uthibitisho wa ziada wakati wa kuanza, kisha:

`manage-bde -protectors -add C: -TPMAndPIN`

Sera ya XTS-AES 256 iwekwe kabla ya kusimba. Ikiwekwa baadaye haibadilishi diski iliyokwisha kusimbwa kwa 128. Windows ikiuliza kama isimbe sehemu iliyotumika tu au diski nzima, chagua diski nzima kwenye mashine yoyote iliyowahi kubeba data. Chaguo la kwanza linaacha mabaki ya faili zilizofutwa yakiwa wazi.

Kabla ya kusasisha BIOS, simamisha ulinzi kwa `manage-bde -protectors -disable C:`. Usipofanya hivyo, TPM itaona mabadiliko na laptopi itadai ufunguo wa uokoaji wa tarakimu 48, na pengine mtumiaji yuko Lunga Lunga bila mtandao.

Awamu ya 6: funguo, heda na nani anashika nini

Kusimba ni kazi ya nusu siku. Hii ndiyo kazi ya miaka yote diski itakapoishi.

Kila diski ya LUKS ina nafasi mbili za ufunguo: 0 ya mtumiaji, 1 ya uokoaji ya ofisi. Ya pili imeongezwa kwa `cryptsetup luksAddKey --key-slot 1 /dev/sda3`, na ni tofauti kwa kila mashine. Imeandikwa kwa kalamu, ndani ya bahasha iliyofungwa yenye namba ya laptopi, ndani ya kabati la chuma. Bahasha ya pili iko jengo jingine. Baada ya kuandika, ufunguo unajaribiwa kwa kusoma kutoka kwenye karatasi yenyewe, na mtu ambaye hakuuandika:

`cryptsetup open --test-passphrase --key-slot 1 /dev/sda3`

Hatua hii imekuwa lazima kwa sababu l na i za mkono hufanana, na karatasi isiyofungua diski ni sawa na kutokuwa na karatasi. Tarakimu 48 za BitLocker zinahifadhiwa hivyohivyo.

Heda ya LUKS2 ni MiB 16 za mwanzo wa patisheni. Ikiharibika, nywila sahihi na diski nzima bado haziokoi kitu, kwa sababu ufunguo halisi wa data umo humo humo. Nakala yake:

`cryptsetup luksHeaderBackup /dev/sda3 --header-backup-file lap07.heda`

Nakala hii inatunzwa kama ufunguo wenyewe. Aliye nayo na anayeijua nywila ya zamani anaweza kuifungua diski hata baada ya nywila kubadilishwa, kwa sababu kubadilisha nywila hakubadilishi ufunguo wa data. Kwa hiyo kila nywila inapobadilishwa, nakala mpya inachukuliwa na ya zamani inaharibiwa pamoja na flashi iliyokuwa nayo.

Kinachoharibu heda mara nyingi zaidi si virusi wala umeme. Diski ya LUKS ikichomekwa kwenye kompyuta ya Windows, dirisha linatokea likisema diski inapaswa kufomatiwa kabla ya kutumika. Fundi mwenye nia njema anakubali, na sekunde chache zinatosha. Kila diski sasa ina lebo juu ya chuma chake: "IMESIMBWA. USIFOMATI. PIGA SIMU", na namba ya ofisi. Laptopi ikienda kwa fundi kwa ajili ya skrini au kibodi, diski inachomolewa na kubaki ofisini.

Mfanyakazi akiondoka, nafasi yake inafutwa kwa `luksKillSlot` na mrithi anapewa mpya. Ikishukiwa kwamba ufunguo wa data wenyewe umevuja, kwa mfano nakala ya heda imepotea, ndipo `cryptsetup reencrypt /dev/sda3` inahitajika. LUKS2 inaifanya mfumo ukiwa unatumika na inastahimili kukatizwa, lakini mashine iwe kwenye chaja na betri iwe nzima. Umeme ukikatika huku betri imekufa, usikimbilie kufomati: ukiwasha tena, rudia amri hiyo na kazi itaendelea ilipoishia.

Utaratibu wa safarini

Laptopi iliyosinzia ina ufunguo kwenye RAM. Watafiti wa Princeton walionyesha mwaka 2008 kwamba RAM hubaki na yaliyomo kwa muda hata baada ya umeme kukatwa, zaidi ikipoozwa. Kwa hiyo kabla ya kupanda matatu, daladala au feri ya Likoni, mashine inazimwa kabisa. Kwenye Debian tumeweka `HandleLidSwitch=poweroff` katika /etc/systemd/logind.conf, kufunga mfuniko kukazima. Kulaza kwa kuandika RAM kwenye swap kungependeza zaidi, lakini Secure Boot (ukaguzi wa saini za programu wakati wa kuwaka) ikiwashwa kernel ya Debian inakataa, na Secure Boot inabaki.

Yaliyobaki

Diski za nje za TB 1 zimesimbwa kwa LUKS2, moja kwa kila jozi ya watumiaji, na `restic` inanakili kila jioni penye umeme. Hili lisicheleweshwe na yeyote anayefuata hatua hizi: SSD iliyosimbwa ikifa, mtaalamu wa kuokoa data hata akipata vipande, vipande hivyo havisomeki.

Jaribio la kurejesha bado: laptopi moja ichaguliwe, diski yake ichomolewe, mpya iwekwe, na kazi zote zirudishwe kwa kutumia bahasha na diski ya nje tu, bila kumuuliza aliyeisimika. Orodha ya namba za laptopi, namba za diski, tarehe ya nakala ya heda na mahali bahasha zilipo iko kwenye daftari moja la karatasi. Safu ya "ufunguo wa nafasi 1 umejaribiwa" bado ina mashine mbili zisizo na alama, na hizo hazitoki ofisini mpaka zipate.